Uzi wa vifaa vya safari: soma maandishi madogo kabla hujanunua kingine

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kila msimu wa safari unapokaribia huwa tunaulizana humu ni kifaa gani msafiri anunue, na majibu huwa ni orodha ndefu ya vitu vinavyong'aa ambavyo nusu yake hurudi nyumbani vikiwa havijatolewa hata kwenye mfuko wake. Mimi nimesafiri kikazi kwa miaka kumi na tano, nimenunua karibu kila kinachouzwa kwa jina la kumrahisishia msafiri maisha, na nimefika mahali ninapoamini jambo moja: vifaa vingi tunavyovilalamikia havina kosa lolote, ila sisi ndio hatukusoma yale maandishi madogo yaliyochapwa tumboni mwake. Chaja, betri, kebo, chujio la maji, hata chupa ya losheni, vyote vimeandikwa uwezo wake na mpaka wake, na anayeyasoma kabla ya kufunga begi hununua vichache na hunyang'anywa vichache zaidi.

Nianze na kisa kilichonitia adabu. Nilikuwa na pawabenki nzuri sana, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu, niliyoitumia miaka mitatu ikikaa mfuko mmoja na funguo na sarafu. Siku hiyo, kwenye meza ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, afisa aliitoa, akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa, akapitisha ukucha pale palipopaswa kuwa na maandishi, kisha akanionyesha. Palikuwa peupe kabisa, pamesuguliwa hadi pakawa laini kama kokoto ya mtoni. Nilimtajia ukubwa wake kwa mdomo, naye akanijibu kwa upole kwamba yeye huamini kilichoandikwa. Pawabenki yangu ikaingia kwenye pipa la plastiki pamoja na mikasi na viberiti vya watu wengine, nami nikapanda ndege nikiwa na simu yenye chaji ya asilimia kumi na moja.

Alikuwa na haki. Betri ya lithiamu ikiumia au ikipata joto kupita kiasi huanza kuungua kutoka ndani, na moto wake ni mkaidi kwa sababu seli moja huipasha joto jirani yake. Jambo hilo likitokea kwenye chumba cha abiria, wahudumu wataona moshi na watauwahi, lakini likitokea chini kwenye shehena hakuna jicho linaloona. Ndiyo maana pawabenki na betri zote za akiba husafiri kwenye mzigo wa mkononi pekee na haziruhusiwi ndani ya sanduku unalolikabidhi. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, alama yake Wh. Hadi 100 unapita bila kuomba idhini, zaidi ya 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege na kwa kawaida hupewi nafasi ya kubeba zaidi ya mbili, na zikizidi 160 abiria hazibebi kabisa. Januari 2025 ndege aina ya Airbus A321 iliungua ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote waliokuwamo walitoka wakiwa hai, na wachunguzi wakaitaja pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti kuwa ndiyo inayoelekea kuwa chanzo. Tangu hapo masharti yamekazwa. Korea Kusini ilikataza kuziweka kwenye makabati hayo kuanzia Machi mwaka huohuo, Singapore Airlines na Emirates zikapiga marufuku kuzitumia wakati wa safari, na China kuanzia tarehe 28 Juni 2025 ikazuia kwenye safari zake za ndani pawabenki zisizo na alama ya 3C, ambayo ni alama ya China ya uthibitisho wa usalama wa bidhaa. Kwa hiyo usitegemee ulichokikumbuka kutoka safari ya mwaka juzi. Fungua ukurasa wa shirika unalosafiri nalo usome upya.

Ikiwa pawabenki yako imeandikwa mAh, yaani miliampea-saa, peke yake, zidisha namba hiyo kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya seli za ndani, kisha gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 itakupa 74 Wh, hiyo haina tatizo. Ya mAh 30,000 itakupa 111 Wh, na hapo ndipo watu wengi huachana na mali zao bila kuelewa kwa nini. Tangu kisa changu, kitu cha kwanza ninachokifanya nikinunua pawabenki ni kubandika selotepu safi juu ya maandishi yake, kwa kuwa wino unaochapwa juu ya plastiki haudumu mfukoni.

Karibuni mchangie, ila naomba tuzungumzie vitu mlivyovitumia wenyewe.

Mchangiaji wa 1

Ahsante sana mleta mada kwa uzi wenye faida. Nina swali ambalo limenisumbua muda mrefu. Simu yangu ina betri ya mAh 5,000, na pawabenki yangu ya zamani ilikuwa ya mAh 10,000, hivyo kwa hesabu ya darasani ilipaswa kuijaza simu mara mbili. Haikuwahi kufika huko hata siku moja; ilikuwa ikiijaza mara moja, na ya pili inakatikia njiani. Niliichukulia kuwa feki, nikaigawa, nikanunua nyingine kubwa iliyoandikwa 30,000 kwa herufi nene, na kwa mshangao wangu haijazi zaidi sana ya ile ya kwanza. Je, nimepigwa mara mbili?

Mleta mada

Ndugu yangu, ile ya kwanza uliionea. Namba ya mAh huandikwa kwa kipimo cha seli za ndani zenye volti 3.7, ilhali umeme unaotoka kwenye tundu la USB ni wa volti 5 au zaidi. Kiasi cha nishati ni kilekile, 37 Wh, lakini ukikigawanya kwa volti 5 unabaki na mAh 7,400, na katika hizo nyingine hugeuka joto wakati wa kupandishwa volti na wakati simu inapozipokea. Ukishika pawabenki inayofanya kazi utalihisi hilo joto kiganjani, na hiyo ndiyo chaji yako inayopotea. Pawabenki nyingi za kweli huwa zimeandika mstari wa pili kwa herufi ndogo unaotaja uwezo halisi unaotoka nje, na huo ndio wa kulinganisha dukani. Kuhusu hiyo ya pili, nisomee kilichoandikwa upande wa nyuma, kisha tafuta mizani yoyote ndogo uipime uzito. Usinijibu kwa kukisia.

Mchangiaji wa 2

Mimi nawakumbusha kuhusu plagi, kwa kuwa ndiko niliko na kovu. Watu hufikiri adapta ya safari inabadilisha umeme, na ukweli ni kwamba inabadilisha umbo la miguu tu. Tume ya kimataifa ya masuala ya umeme, IEC, inaorodhesha aina 15 za plagi kwa herufi kuanzia A hadi O, na adapta nzuri ya kugeuza itakufikisha kwenye soketi nyingi kati ya hizo. Lakini nyuma ya soketi kuna volti, na hizo hazifuati adapta yako. Japani ni 100, Marekani ni 120, Uingereza na bara la Ulaya ni 230.

Nilipata zawadi ya kikaushio cha nywele kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Nilikichomeka kwenye soketi ya volti 230 kwa adapta iliyoingia vizuri kabisa, nikakiwasha. Kwa sekunde tatu hivi kililia kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida, upepo wake ukawa mkali, nikafurahi kwamba kina nguvu. Kisha waya wa ndani ukawa mwekundu ukielekea weupe, nikasikia harufu ya vumbi linaloungua ikifuatiwa na harufu ya plastiki, na chumba kizima kikaingia gizani. Baadaye jamaa yangu fundi umeme alinifanyia hesabu: kifaa cha kupasha joto cha volti 120 kikipewa 230 hula umeme karibu mara 3.7 ya kile kilichokusudiwa. Ukifanya kinyume chake, birika la volti 230 ukalipa 120, halitaungua, ila litakupa takriban robo ya nguvu yake na utasubiri maji hadi usahau ulikuwa unataka nini.

Kwa hiyo, kwa lugha ya mleta mada, maandishi madogo ya kutafuta ni haya: 100–240V, 50/60Hz. Ukiyaona kwenye chaja ya simu au ya kompyuta, kifaa hicho kitafanya kazi karibu popote duniani na unachohitaji ni adapta ya umbo tu. Ukiona volti moja pekee, hasa kwenye kitu kinachotoa joto, kiache nyumbani. Zipo transfoma ndogo za kubadilisha volti, lakini ile inayoweza kubeba kikaushio cha wati 1,500 ina uzito wa tofali, na anayeibeba kwa ajili ya nywele ana mapenzi makubwa sana na nywele zake.

Jambo la mwisho kuhusu adapta ni kwamba nyingi za zile zinazogeuka kila umbo hazina muunganiko wa waya wa ardhi, na zina fyuzi ndogo. Zinafaa kwa chaja za simu na kompyuta. Msizichomeke pasi wala birika.

Mchangiaji wa 3

Naomba niongeze kwa mchangiaji aliyenitangulia kwamba siku hizi adapta moja inatosha ukiwa na chaja moja yenye matundu matatu au manne, badala ya kubeba chaja tano na adapta tano. Chaja za kizazi kipya zinazotumia galiamu nitraidi badala ya silikoni hupoteza joto kidogo, hivyo hutengenezwa ndogo, kiasi kwamba chaja ya wati 65 inayowasha kompyuta ya kazini inalingana na ile ya zamani ya simu. Umoja wa Ulaya nao umesaidia kuleta utaratibu, kwani tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu, tableti, kamera na hedifoni zinazouzwa huko zinatakiwa kuchajiwa kwa USB-C, na kompyuta za mkononi zikapewa hadi tarehe 28 Aprili 2026.

Tatizo limehamia kwenye kebo. Zote zinafanana kwa macho, lakini kebo ya kawaida ya USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na ile inayovuka hapo ni lazima iwe na chipu ndogo ndani ya kichwa chake inayoitambulisha kwa chaja kwamba inahimili ampea 5. Ukitumia kebo isiyo na chipu kwenye chaja ya wati 100, hakuna kitakacholipuka. Chaja itajizuia yenyewe, na wewe utakaa unailaumu kompyuta kwa uvivu. Kebo za leo zilizo bora huwa zimechapwa wati zake, 60 au 240, kwenye kichwa chenyewe, kwa herufi ambazo binafsi nazisoma kwa kupiga picha na kuikuza. Mimi nimefunga uzi mwekundu kwenye ile ya 240 ili niijue hata gizani.

Mchangiaji wa 4

Wadau, naomba mwenye uzoefu anieleze kuhusu eSIM. Nitapita nchi nne katika wiki tatu, na sitaki kutafuta laini mpya kila mpaka ninaovuka. Je, nikiweka eSIM nitapoteza namba yangu ya nyumbani?

Mleta mada

Hutaipoteza, na hii ni mojawapo ya zana chache ambazo naweza kuzisifu bila kujizuia. eSIM ni chipu iliyokwisha kuunganishwa ndani ya simu, na unachonunua ni maelezo ya mtandao yanayopakuliwa ndani yake, aghalabu kwa kuskani msimbo wa QR. Laini yako ya nyumbani inabaki palepale. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo wauzaji huyataja kwa sauti ndogo.

La kwanza, simu yako iwe haijafungwa kwa mtandao mmoja, na hilo huonekana kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya maelezo ya kifaa. La pili, kuipakua eSIM kunahitaji intaneti, hivyo ukisubiri hadi utakapotua utakuwa unatafuta intaneti ili upate intaneti. Iweke ukiwa bado nyumbani, na msimbo wenyewe uuchape kwenye karatasi, maana mara nyingi hutumika mara moja tu na ukiufuta kwa bahati mbaya huenda ukalazimika kununua upya. La tatu, ambalo ndilo limewaliza wengi, benki yako hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Usiizime laini hiyo wala usiitoe. Iache ipokee ujumbe, ila zima data yake ili isije ikakutengenezea bili ya kukutoa machozi. Nimewahi kukaa kaunta ya hoteli dakika arobaini nikiwa na pesa benki na nisiweze kulipa, kwa sababu laini iliyotakiwa kupokea tarakimu sita ilikuwa kwenye droo ya meza yangu ya nyumbani.

Na kabla ya kuondoka, pakua ramani za nchi zote nne kwenye simu. GPS haihitaji bando. Inayohitaji bando ni picha ya ramani, na ukishaipakua una kila kitu.

Mchangiaji wa 5

Mada ya masanduku haijaguswa, nami nimefanya kazi ya kupokea mizigo ya watalii kwa muda wa kutosha kuwa na maoni. Sanduku lenye magurudumu si la zamani kama wengi wanavyodhani. Mmarekani Bernard Sadow alipewa hataza yake mwaka 1972, na lile lake lilikuwa linavutwa kwa mkanda, likiyumba na kuanguka kila kona. Rubani Robert Plath ndiye aliyelisimamisha wima mwaka 1987, akaliwekea magurudumu mawili na mkono mrefu wa kuchomoa. Haya ya magurudumu manne yanayozunguka kila upande ni mazuri mno kwenye marumaru, na ni mzigo wa kweli kwenye changarawe, mchanga, ngazi na ndani ya basi linalokata kona, ambako hukimbia lenyewe kama mtoto aliyeachiwa mkono. Ikiwa safari yako ina barabara mbovu hata moja, chukua la magurudumu mawili makubwa yaliyozama ndani ya fremu, kwa kuwa gurudumu lililochomoza nje ndilo la kwanza kukatika.

Kuhusu kufuli, msidanganyike sana. Zipu ya kawaida ya plastiki hufunguliwa kwa ncha ya kalamu ya wino. Unaichoma katikati ya meno, inaachia, unatoa unachotaka, kisha unavuta vile vishikizo vyenye kufuli kurudi na kwenda, na zipu inajifunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeonyeshwa hilo mbele ya macho yangu na lilichukua muda mfupi kuliko kulieleza. Kufuli zenye alama ya TSA, ambazo maafisa wa Marekani wanaweza kuzifungua kwa funguo zao kuu, nazo zilipoteza siri yake mwaka 2015, pale mafaili ya kuchonga funguo hizo kwa printa ya 3D yalipozagaa mtandaoni. Kufuli inafaa kuzuia sanduku lisifunguke lenyewe na kumkatisha tamaa mdokozi mvivu. Kilicho na thamani kikae begani mwako.

Ninachokithamini zaidi ni kile kifaa kidogo cha kufuatilia mzigo. AirTag ya Apple ilitoka mwaka 2021, na Google nayo ilifungua mtandao wake mpana wa vifaa vya namna hiyo mwaka 2024. Wengi hudhani ndani yake kuna GPS, kumbe hakuna. Hutoa mlio wa redio wa Bluetooth, simu za watu wanaopita karibu huunasa bila wao kujua, na hizo ndizo zinazokuletea habari. Kwa hiyo kwenye uwanja wa ndege wenye umati utaliona sanduku lako hadi ukanda liliopo, na kwenye ghala lisilo na watu utaona kimya. Tangu Desemba 2024 mwenye AirTag anaweza kulitumia shirika la ndege kiungo cha mahali mzigo ulipo, jambo ambalo limepunguza yale mabishano ya kaunta ambapo wewe unaona begi lako liko mji mwingine na mhudumu anakuambia liko njiani. Betri yake ni ya duara aina ya CR2032, hudumu kama mwaka, na hapa pana mtego: baadhi ya betri hizo hupakwa kitu kichungu ili watoto wasizimeze, na upakaji huo unaweza kuzuia kifaa kisipate umeme. Soma pakiti.

Mchangiaji wa 6

Nimesoma michango yote kwa makini, nami naona mmegeuza begi kuwa duka la vifaa vya umeme. Nimevuka mabara matatu na begi moja la kilo saba, na kilichonisaidia zaidi hakikuwahi kuchajiwa. Kamba nyembamba ya mita nne ya kuanikia nguo. Vizibo vya masikio vya sponji, ambavyo vikikandamizwa vizuri, yaani ukavisokota vikawa vyembamba, ukavuta sikio juu na nyuma ndipo ukavipenyeza, hukupa usingizi ambao hedifoni ghali za kuzuia kelele haziwezi kukupa kwa kuwa huwezi kuzilalia ubavu. Kabari ya mpira ya kuweka chini ya mlango wa chumba nisichokiamini. Tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu umeme ukikatika utahitaji mikono yote miwili, na tochi ya simu inakula chaji ile ile unayoihitaji kumpigia mtu.

Na karatasi, mabibi na mabwana. Nakala ya pasipoti, namba mbili za simu na anwani ya unakolala, zikiwa zimeandikwa kwa kalamu. Tumeweka tiketi, ramani, fedha na majina ya ndugu zetu ndani ya kioo kimoja kinachoweza kudumbukia chooni.

Mleta mada

Sina ubishi na kabari wala karatasi, na vizibo vya sponji nami ninavyo. Hedifoni za kuzuia kelele nazitetea kidogo. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, alipoona spika za masikio alizopewa hazisikiki kwa ngurumo, na zinachokizuia kwa ufasaha ni ngurumo hiyohiyo ya chini isiyobadilika. Sauti ya mtoto anayelia na ya jirani anayesimulia hupenya, na hapo sponji hushinda. Mwenye safari ya saa kumi avae sponji ndani na hedifoni juu.

Kwa kuwa umetaja kilo saba, nikumbushe mizani ndogo ya kuning'iniza. Kiwango cha sanduku la kukabidhi kwenye mashirika mengi ni kilo 23, na mashirika mengi hayapokei kipande kimoja kinachozidi kilo 32 kwa kuwalinda wanaonyanyua. Kulipima sanduku nyumbani ni jambo la dakika moja, ilhali kuihamisha nguo ya ndani moja baada ya nyingine mbele ya foleni ni jambo ambalo halisahauliki.

Na vimiminika, kwa ufupi: pale ambapo kanuni ya mililita 100 iliyoanza mwaka 2006 bado inatumika, kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Tyubu ya mililita 150 iliyobaki na tone moja itachukuliwa, kwa kuwa afisa husoma maandishi.

Mchangiaji wa 7

Mimi ni mhudumu wa afya, na nimetibu wasafiri wengi walioniambia kwa mshangao kwamba walikuwa na chupa yenye chujio. Tatizo ni lilelile la mleta mada. Chujio nyingi za safari zina nyuzi zenye matundu ya maikroni 0.1 au 0.2. Matundu hayo huzuia bakteria na vimelea kama amiba na giardia, lakini virusi vingi vya tumboni ni vidogo kuliko hapo na hupita kama nzi kwenye dirisha lisilo na wavu. Kwenye pakiti imeandikwa bakteria na protozoa, yaani vimelea vya aina hiyo ya amiba. Neno virusi halimo, na msomaji hulijaza mwenyewe kwa matumaini. Taa ya miali ya urujuanimno huua hata virusi, ila inahitaji maji maangavu, maana miali haipiti kwenye tope. Vidonge vya klorini huua virusi na bakteria, lakini kimelea kiitwacho Cryptosporidium huvistahimili.

Kwa hiyo anayekwenda mahali ambapo maji yanaingiliana na maji machafu achanganye njia mbili, achuje kisha atie kidonge au taa, au achemshe tu. Kuchemka kwa nguvu kwa dakika moja kunatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari subiri dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Pia chujio lililokwisha kulowa likiganda kwa baridi usilitumie tena. Barafu hupasua zile nyuzi kwa ndani, na kwa nje chupa itaonekana nzima na maji yatatoka vizuri kuliko zamani, kwa kuwa hayachujwi tena. Usiku wa baridi kali lala nalo ndani ya blanketi.

Mchangiaji wa 1

Nimerudi. Nimeigeuza pawabenki yangu. Upande wa mbele imeandikwa 30,000 kwa herufi za dhahabu. Upande wa nyuma, kwa herufi ambazo mwanangu ndiye aliyenisomea, imeandikwa 37 Wh. Nimeipima kwenye mizani ya jikoni, imesoma gramu 208.

Mleta mada

Basi majibu unayo mkononi. Seli ya kawaida ya mviringo yenye mAh 3,000 hivi ina uzito unaokaribia gramu 45 hadi 50, kwa hiyo pawabenki ya kweli ya 30,000 ingekuwa na seli kumi, na seli hizo peke yake zingekaribia nusu kilo kabla hujaongeza ganda. Gramu 208 zinatosha seli tatu na plastiki. Una pawabenki ya 10,000 iliyovaa nguo za mkubwa wake, na mtengenezaji alipofika upande wa nyuma akaona haya, akaandika ukweli.

Usiitupe kwa sababu hiyo. Kwa 37 Wh haina tatizo la ukubwa kwenye ndege, mradi afisa aangalie nyuma kwanza. Mpe ikiwa imegeuzwa tayari, na hizo herufi za dhahabu zitazame mezani. Selotepu ubandike leo.